Onyo Alilolizima Rosine

Kila mchana, akishafagia darasa na kuchota maji, Rosine, msichana wa miaka kumi na tatu, aliingia chumba cha kompyuta cha shule yao mjini Kasongo. Alikuwa akiandika programu ya kujumlisha alama za mitihani, itumike kwao na katika shule ya kijiji cha Wamaza.

Kuandika kulimpendeza. Kilichomchosha ni kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi yake yawe kazi ambayo mashine inaweza kuifanya. Kompyuta ya Kasongo ilitumia moja, ile kuukuu ya Wamaza ilitumia nyingine. Madamu Véronique, mwalimu wao, aliziweka zote mbili chumbani, na agizo lake lilikuwa: pitisha programu kwa hii, pitisha kwa ile, jaribu, ndipo uandike daftarini, "Zote mbili zimekubali."

Ya kwanza ilikubali. Ya pili ikamwaga maonyo skrini nzima. Rosine akabadilisha mipangilio; ya pili ikapoa, ya kwanza ikagoma. Siku tatu hivyo hivyo.

"Hii kitu inanitafuta," akamwambia Serge, mwenzake.

"Si kuna neno la kuzima maonyo? Weka. Nani atajua?"

Rosine akaliweka. Maonyo yakatoweka. Hakujaribu lolote, akaandika, "Zote mbili zimekubali," na Kamaldine, dereva wa pikipiki, akapeleka flashi yenye programu Wamaza.

Alhamisi Kamaldine akarudi, vumbi mpaka kope.

"Mutoto, programu yako iko na wazimu. Plamedi, wa kwanza wa darasa kule, imemupa nne juu ya mia. Buleteni za matokeo ni kesho kutwa. Analia, chakula hataki."

"Sema mashine yao imezeeka," Serge akanong'ona.

Madamu, aliyekuwa mezani pake, alikwishafungua daftari. "Maandishi ya nani haya?"

Rosine akajibu, "Yangu, Madamu. Nilizima maonyo. Sikujaribu."

"Yawashe."

Yakarudi yote ishirini na saba. La kumi na tisa lilisema wazi: jumla haikuambiwa ianzie sifuri. Kompaila ya kwanza ilikuta sifuri kwa bahati tu. Ya pili iliokota namba yoyote iliyobaki kwenye kumbukumbu ya mashine, hata iliyo chini ya sifuri. Rosine akarekebisha moja moja, akajaribu alama za Plamedi pande zote mbili. Themanini na moja. Themanini na moja.

"Njia yote ile kwa sifuri moja," Kamaldine akaguna, akachukua flashi, akawasha pikipiki.

Madamu akamrudishia Rosine daftari. "Anayekuonya anachosha, najua, mimi mwenyewe nimechoka tangu asubuhi. Lakini ukimfunga mdomo, kosa linabaki palepale, na anayeumia ni mwingine. Usitie sahihi kazi ambayo hujaifanya. Na wewe Serge, nimekusikia. Chukua ufagio."