Aliyeitwa Huko Sabaki

Haya yalimpata rafiki yangu Cherop, mwalimu aliyehamia Sabaki, huku pwani, kutoka nyanda za juu za Uasin Gishu. Kwao, ukungu ukifunika uwanda, watu huitana ili wasipoteane.

Jioni moja ya joto alijitanda leso, akatoka peke yake kwenda kununua mkate. Giza likamkuta katikati ya mashamba. Vyura wote wakanyamaza, na kwa mbali akamsikia mamake akimwita.

Mamake alizikwa huko kwao miaka sita iliyopita. Cherop alijua haifai kuitika, lakini upweke ulimzidi, akaitika. Sauti ikakoma.

Alifika dukani akihema.

“Mwalimu, mbona watetemeka na joto hili?” akauliza Bi Zoya, mwenye duka, akimshika bega. Kisha akauondoa mkono upesi.

Leso ya Cherop ilikuwa nyeupe mgongo mzima, kwa umande ulioganda kuwa barafu, kama ule wa alfajiri za kwao.