Maji Aliyonyweshwa Beata

Kila asubuhi Vitalia alianika usipa, dagaa wa ziwani, mchangani, pale Lundo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Ilikuwa mwaka 1995. Mwanawe Beata, wa miezi minne, alibaki nyumbani na bibi yake, Kunigunda. Jua likiwa kali, bibi alimnywesha mtoto maji ya ziwani kwa kijiko.

"Baba yake aliyanywa haya haya," alisema. "Mwili huzoea."

Vitalia hakuridhika, lakini aliona haya kubishana na mama mkwe wake.

Beata akaanza kuharisha. Vitalia alinunua vidonge dukani, akavisaga, akampa. Havikusaidia. Siku ya tatu aliona damu kwenye nepi. Macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani, naye alilia bila machozi. Wanawake hao wawili wakamkimbiza zahanati.

"Shikamoo, bibi," alisema nesi Luisa.

"Marahaba, mwanangu. Tusaidie."

Luisa alipima choo cha mtoto. "Ana amiba. Ni vijidudu visivyoonekana kwa macho. Huingia kwa maji yenye kinyesi."

"Mbona sisi tunayanywa na hatuumwi?" aliuliza Kunigunda.

"Mtu akiugua akapona, mwili hujifunza kidogo kupambana na vijidudu hivyo. Lakini kinga hiyo haitoshi, hata kwa mkubwa. Huyu bado hana. Kinga yake iko kwenye maziwa ya mama. Na maziwa hayo yana maji ya kumtosha mpaka atimize miezi sita, hata wakati wa joto."

"Wanangu walizoea."

"Ulizaa wangapi, bibi?"

"Saba."

"Waliozoea ni wangapi?"

Kunigunda alitazama sakafu. "Wanne."

Vitalia alikuwa ameishi nyumba moja naye miaka mitano. Hakuwahi kusikia habari za wale watatu.

"Wa kwanza aliitwa Notburga," alisema Kunigunda polepole.

Luisa alitoa dawa ya amiba na pakiti za dawa ya kurudisha maji mwilini. "Changanya hii ya pakiti na maji yaliyochemshwa, yakapoa. Mpe kidogo kidogo. Na usiache kumnyonyesha."

Siku ya tano Beata alipata nafuu. Tangu hapo Kunigunda alimbeba hadi mchangani kila alipotaka kunyonya. Watu wote nyumbani walikunywa maji yaliyochemshwa, wakanawa kwa sabuni watokapo chooni.

Siku ya kliniki uzito wa Beata ulikuwa umepanda. Kunigunda alisimama mbele ya akina mama waliokuwa kwenye foleni.

"Mimi nilizika watatu," alisema. "Sikujua. Ninyi sasa mnajua."