Kuku Mmoja, Walaji Tisa

Kila Jumapili binti wa mpishi alimenya vitunguu huku baba yake akishika kisu. Jumapili hii baba alikuwa ameunguzwa na mvuke kazini, mkono wake wa kulia umefungwa bandeji nene kama mkate. Na mjomba alikuwa njiani kuja kula.

"Nani atamkata kuku?" mama aliuliza.

"Mimi," binti akajibu, kabla akili haijamshauri.

Kaka yake alicheka mpaka akashika mlango. "Wewe? Mara ile ulipojaribu, tulitema vipande vya mifupa mpaka jioni!"

Mjomba alitarajiwa kuja na mtoto mmoja, akaja na wanne. Alimtazama kuku aliyetoka kwenye oveni. "Shemeji, huyu umemwalika peke yake?"

Baba alicheka, lakini jasho lilimtoka. Mpishi mzima ashindwe kulisha wageni nyumbani kwake!

Binti alinyakua kisu. Baba akamzuia. "Akikatwa moto hivi, utamu wote utamwagikia ubaoni. Mwache robo saa."

Robo saa hiyo ilikuwa ndefu kuliko mtihani wa hesabu. Kisha binti alivuta paja, akapapasa kwa kidole.

"Usipigane na mfupa," baba alisema. "Tafuta kiungo."

Akakipata. Kisu kikapita bila kelele. Mapaja yakatoka, yakagawanywa kwenye magoti, mabawa yakafuata. Kidari alikibandua kizima, akakikata vipande vyembamba. Sahani saba zikapata nyama. Mbili zilibaki tupu, na watoto wawili wa mjomba walianza kununa.

Kaka alibeba gofu la mifupa ya kuku kuelekea kwenye pipa la taka.

"Weka chini!" binti akafoka. Aliligeuza, akachomoa minofu miwili ya mviringo iliyojificha mgongoni, akanyofoa ya shingo na ya mbavuni. Sahani mbili zikajaa. Mifupa akaitia sufuriani pamoja na kitunguu na karoti.

Supu ilipoiva, mjomba, aliyekwisha kuapa kwamba ameshiba, alikunywa vikombe vitatu. "Shemeji," alisema, "ukipona, tafuta kazi nyingine. Jiko limepata mwenyewe."

Watu walipiga makofi. Baba, kwa kuwa mkono mmoja haupigi, alipiga meza.

"Umeona, mwanangu? Umesubiri, umetafuta njia kabla ya kutumia nguvu, na hukutupa chochote kabla ya kukichunguza. Fanya hivyo jikoni, fanya hivyo darasani. Na kwa mjomba wako, pika sufuria mbili."