Upande wa Pili wa Kitanda

Kitanda kilinunuliwa asubuhi yenye jua, na tuliokichagua tulikuwa watatu: mdogo wangu, aliyekuwa amekaribia kujifungua, mume wake, na mimi. Nalisema hili mapema kwa sababu katika ukoo wetu habari hii imeshasimuliwa kwa namna nyingi, na kila anayeisimulia humwingiza mtu ambaye hakuwepo. Mimi nilikuwepo. Niliyoyaona nitasema niliyaona, na niliyoambiwa nitasema niliambiwa.

Mdogo wangu alikuwa na sababu ya kuhangaikia kitanda. Mtoto wake wa kwanza alilazwa mzima kati yake na mumewe, na hakuamka. Daktari alisema mambo hayo hutokea na hayana wa kulaumiwa, lakini binadamu hawakosi la kusema. Shangazi yetu mmoja alinong'ona palepale msibani kwamba mwanamke mwenye usingizi mzito hafai kulala na kichanga, na mnong'ono wenyewe aliupima ili ufike. Tangu siku hiyo mdogo wangu akawa mtu wa usingizi wa mang'amung'amu. Aliposhika mimba tena alitoa sharti moja tu.

"Huyu atalala mahali nikinyoosha mkono namgusa. Lakini kitandani kwangu halali."

Nesi wa kliniki ndiye aliyemweleza cha kutafuta. Kitanda kidogo kinachounganishwa na cha mama, chenye upande mmoja unaoshushwa. Godoro gumu lisilobonyea. Fito zilizokaribiana kiasi cha kopo la soda kutopita katikati. Kisiwepo kitambaa cha kuning'inia, mto, wala mwanya wa kumeza hata kidole.

Shemeji yangu ni fundi wa makochi. Mtaani wanamwita Sponji. Nilimuuliza kwa nini asikitengeneze mwenyewe.

"Shemeji, mimi navisha mbao, sizichongi," alinijibu. "Nikichonga mimi, mtoto atalala kwenye kochi la watu watatu."

Tukaenda kwenye ua wa mama mmoja aliyeuza samani zilizotumika. Alikuwa mnene, mcheshi, na alimwita kila mtu mwanangu, hata waliomzidi umri. Mdogo wangu alikuja na kopo lake tupu kwenye mkoba. Kitanda cha kwanza kopo lilipita fito bila hata kugusa. Cha pili kilicheza miguu. Sponji alivikagua vyote kwa kuvitikisa, kuvinusa, kuvipiga konzi na kusikiliza.

"Fundi, unachagua kitanda au unachagua mchumba?" yule mama alimtania.

"Mchumba nilimchagua haraka, mama. Ona sasa nilipofika."

Mdogo wangu akampiga kofi la mgongo, akacheka. Nakikumbuka kicheko hicho kwa sababu kilikuwa cha kwanza tangu msiba.

Kitanda cha tatu kilikuwa nyuma kabisa, kimefunikwa gunia. Mbao zake zilikuwa nzito na laini, kona zake zimepigwa msasa na mtu asiye na haraka. Kopo halikupita. Miguu haikucheza. Upande mmoja ulishuka kwa makomeo mawili ya mbao, ukatulia bila kelele. Sponji akazunguka, akashika upande wa pili, nao ukashuka vilevile.

"Huyu seremala alishindwa kuamua," alisema. "Kitanda hiki kinafunguka kote kote."

"Ni ili ukihamisha vitu chumbani usipate tabu," yule mama alijibu upesi. Kisha akaanza kukunja gunia, ingawa gunia lenyewe lilikuwa bovu, la kutupa tu.

Mdogo wangu aliweka kiganja kwenye chaga, mahali mtoto angelala. Akakiacha hapo muda mrefu.

"Hiki," alisema.

Sponji alikikatia godoro jipya la sponji ngumu, na kwa furaha akakata jipya pia la kitanda chao kikubwa. Upande mmoja wa kitanda kidogo tuliushusha, tukaufunga kwenye kitanda cha mama kwa mikanda, pasibaki mwanya. Upande wa pili ulitazama ukuta wenye dirisha, tukaacha nafasi ya mtu kupita ili afungue na kufunga vioo. Upande huo tuliupandisha na kuukomea. Mama yetu alikuja kukagua, akautikisa, akasema hata jela hazifungwi vizuri hivi.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume. Nilihamia kwao, mimi na mama, kumsaidia mdogo wangu.

Siku za mwanzo hazikuwa na neno. Kisha, mchana mmoja, niliingia kuchukua nguo chafu nikakuta upande wa dirishani umeshuka. Mtoto amelala chali katikati, salama. Nikaupandisha, nikakomea, nikamkaripia Sponji jioni yake. Akaapa hakuugusa. Kesho yake mchana ulikuwa chini tena. Mama alishuku paka, ingawa hatukufuga paka.

Jambo la pili nililiona nilipokuwa namwogesha mtoto. Shavu lake la kulia lilikuwa na alama za kitambaa, vimraba vidogo vidogo, kama mtu aliyelalia nguo iliyofumwa kwa uzi mnene. Mashuka yetu yalikuwa laini. Kanga zetu laini. Nilizigeuzageuza nguo za wote humo ndani, moja baada ya moja. Hakuna aliyekuwa na vazi la namna ile.

Halafu mtoto akaacha kunyonya.

Hakuumwa. Mdogo wangu alimpa ziwa, mtoto akaligeukia, akalinusa, akalala. Alikuwa na sura ya mtu aliyetoka karamuni. Maziwa ya mama yake yalijaa yakauma, yakalowesha nguo, kisha yakaanza kupungua. Tulimkimbiza kliniki, maana mdogo wangu aliamini anampoteza na huyu.

Nesi alimweka mtoto kwenye mizani. Akatabasamu.

"Mama, unampa nini huyu? Wenzako wanakuja hapa kunililia. Wewe unatengeneza bonge la bwana."

"Hanyonyi," mdogo wangu alisema.

"Hanyonyi na ananenepa? Basi nipe na mimi hiyo dawa ya kutonyonya."

Watu kwenye foleni wakacheka. Mdogo wangu hakucheka. Njia nzima alimkumbatia mtoto, na nilimwona akiinamisha pua mdomoni kwake. Tulipofika nyumbani akaniambia kwa sauti ya chini:

"Dada, mnuse."

Nikamnusa. Mdomo ulinukia maziwa. Maziwa ya mama, mabichi, yenye joto. Na mama yake alikuwa hajamnyonyesha tangu jana.

Hapo ndipo Sponji alipofanya kosa, na hakuna fundi ambaye asingelifanya. Aliona kitu kinafunguka pasipotakiwa, akakifunga. Alileta drili, akapiga skrubu ndefu upande wa dirishani, juu na chini, mpaka vichwa vikazama kwenye mbao. Akautikisa kwa nguvu zote. Haukusogea.

"Sasa aje," alisema. Hakusema nani.

Hakuna aliyeushusha tena. Lakini mdogo wangu akaanza kuamka usingizini akiwa ukingoni mwa kitanda, ukingo wa mbali, mguu mmoja ukining'inia. Alikuwa akilala amemgusa mtoto, anaamka hamfikii. Kati yake na kitanda kidogo palikuwa na nafasi ya kumtosha mtu.

"Nasukumwa," aliniambia. "Taratibu. Kama unavyomsogeza mtu unayemheshimu."

Sponji aliinua shuka akatazama godoro. Alipapasa kwa kiganja. Upande wa karibu na mtoto palikuwa na bonde, refu, lenye bega na nyonga.

"Sponji hii ni mpya," alisema. "Mtu akiilalia ikabonyea, akiinuka inarudi. Ili ibaki hivi lazima mtu ailalie miaka."

Sikungoja. Nilirudi kwenye ua wa yule mama peke yangu. Aliponiona hakuniita mwanangu.

"Kilikuwa cha nani?" nilimuuliza.

Alifuta meza ambayo haikuwa na vumbi. "Cha dada wawili. Walilala chumba kimoja, vitanda viwili, hicho katikati. Mmoja alizaa."

"Na wa pili?"

"Wa pili alizaa pia. Wake hakukaa." "Maziwa yalimjaa, mwenzake hana. Basi akamnyonyesha wa mwenzake. Wakalea hivyo mpaka mwenzake alipoolewa, akaondoka na mtoto. Aliyebaki alipofariki, mimi niliuziwa vyombo tu. Upande wa pili mmeweka nini?"

"Tumefunga. Kwa skrubu."

Alichukua lile gunia bovu, akalikumbatia kifuani kama mtu anayesikia baridi, na jua lilikuwa kali.

Nilirudi mbio. Nyumba ilikuwa kimya, Sponji yuko kazini, mama jikoni. Mlango wa chumba ulikuwa umeegeshwa. Nikausukuma kwa kidole.

Mdogo wangu alikuwa amelala ukingoni kabisa, uso umegeukia nje. Mtoto hakuwa kwenye kitanda chake. Alikuwa kitandani kwa mama yake, ubavu-ubavu, kichwa kimeinuka kidogo juu ya godoro.

Kimeinuka. Hakikuegemea kitu.

Mdomo wake ulikuwa unafanya kazi. Unavuta, unameza, unapumzika. Unavuta tena. Kiganja chake kidogo kilikuwa wazi hewani, kimebandikwa kwenye kitu ambacho sikukiona. Tone jeupe lilitoka pembeni mwa mdomo, likashuka kidevuni, likalowesha shuka.

Sikupiga kelele.

"Mdogo wangu," nilinong'ona. "Amka. Usigeuke haraka."

Alifumbua macho. Aligeuka polepole, akaona niliyokuwa naona. Nilimtazama usoni nikingoja atoke mbio, au amnyakue mtoto. Nilikuwa nimemwambia nini kuhusu wale dada wawili? Sikuwa nimemwambia neno. Sikuwa nimepata nafasi. Naapa hilo mpaka leo, kwa sababu alichokisema alikisema bila kuambiwa na mtu.

"Mwenzangu," alisema.

Mdomo wa mtoto ukasimama.

"Mwenzangu, na mimi wangu wa kwanza hakukaa." Sauti yake ilikuwa ndogo, imenyooka. "Najua yanavyouma yakijaa bila wa kuyanyonya. Nashukuru umenilishia. Umenilindia nilipoogopa usingizi. Lakini ukiendelea, ya kwangu yatakauka, na huyu hatanijua. Nipishe. Nakuomba. Nipishe nimnyonyeshe mwanangu."

Feni iliendelea kuzunguka. Jikoni mama alikuwa anasuuza sufuria.

Kichwa cha mtoto kilishuka. Taratibu, kama kinavyoshushwa na mkono uliozoea. Kikafika kwenye godoro. Kisha godoro lenyewe likaanza kuinuka, kwanza penye bega, halafu kiuno, halafu nyonga. Bonde likajaa. Shuka likanyooka.

Mtoto akalia. Kilio cha njaa, kikali, cha hasira, ambacho hatukuwa tumekisikia kwa muda mrefu. Mdogo wangu akamwinua akampa ziwa, naye akalishika kama aliyenyang'anywa. Mama alikuja mbio na povu mikononi, akatukuta tunalia wote watatu.

Jioni ile Sponji alitoa skrubu, moja moja, bila kuuliza. Mama alitaka kitanda kichomwe. Mdogo wangu alikataa katakata.

"Kitu cha mtu hakichomwi," alisema. "Hakumdhuru."

"Hakumdhuru bado," mama alijibu.

Hawakukubaliana, na mama alikwenda kaburini hawajakubaliana. Mimi nilikuwa upande wa mama. Shukrani ni jambo jema, lakini mtu unayemshukuru unakuwa umemkaribisha. Sponji alikifungua kitanda mbao mbao, akazifunga kwa kamba, akazipeleka stoo ya karakana yake. Zipo. Mtoto alilala kwenye kikapu kigumu juu ya meza, hatua moja kutoka kwa mama yake, na akakua. Sasa ni kijana wa kunyoa ndevu, mrefu, mchangamfu, mpenda kula. Ukimuuliza hakumbuki lolote, na ndivyo inavyopasa.

Wao walihama chumba kile. Siku hizi ndimo nilalamo mimi nikiwatembelea.

Ukuta wa dirishani una doa. Mafundi wa makochi wanalijua doa la namna hiyo. Sponji hulionyesha kwenye viti vya zamani, mahali kichwa cha mtu kimeegemea miaka mpaka mafuta ya nywele yakaingia kitambaani. Hili liko ukutani, kwenye kimo cha mtu aliyekaa kitandani, ameegemea, anamlaza mtoto. Upande ule hatujawahi kuweka kitanda. Sponji alipaka rangi, likatokeza. Akakwangua plasta, akapiga upya, likatokeza. Tukaliacha.

Safari ya mwisho nilipolala pale nilifungua dirisha asubuhi, jua likaingia ubavuni, nikaliona vizuri. Chini yake kidogo, pembeni, karibu kabisa kugusana nalo, kulikuwa na doa la pili. Jipya. La mviringo, la kichwa kidogo.

Niliweka kiganja changu juu yake kupima. Plasta ilikuwa na joto.