Kufuli za Nguzo

Rafiki yangu Dorcas, fundi wa lifti za magari, aliitwa kwenye gereji moja ya Usagara iliyoandikwa ukutani USALAMA KWANZA, kwa herufi kubwa kuliko jina la gereji. Lifti ilikuwa inashuka yenyewe, na juu yake kulikuwa na lori la dagaa.

"Kufuli za ndani ya nguzo za lifti zinashika?" aliuliza. Hizo hulia *ka* lifti inapopanda, na ndizo huzuia gari lisimwangukie mtu.

"Dada, zinashika kuliko mgambo," alijibu Nestory, mwenye gereji. "Wewe ingia tu."

Akaingia chini ya lori. Mvua ilikuwa inapiga bati, umeme ukakatika. Gizani mpira wa mafuta yanayoinua lifti ukapasuka, na lori likaanza kushuka. Halafu ndani ya nguzo kukasikika: *ka*. Lori likasimama likiwa limeshamgusa nywele.

Akatambaa nje, akawasha tochi ya simu, akafungua nguzo zote mbili. Hapakuwa na kufuli, utando wa buibui tu.

"Tulizitoa mwaka jana," Nestory alinong'ona. "Zilikuwa zinatuchelewesha."

Mafuta yote yalikuwa sakafuni. Ndani ya nguzo kukasikika tena: *ka*. Lori likapanda kidogo.