Ukambaa wa Fundi Raymundi

Jua lilikuwa limeinama nilipotoka kijiji kipya kwenda mahame yetu kutafuta upinde. Mwaka ule wa 1974 tulihamishwa kwa lori, na upinde wangu ukavunjika chini ya kinu cha mama mkwe. Siku ile nilicheka. Simba alipoanza kula watu, sikucheka tena.

Alikuwa amemchukua jirani yetu Mwanne kisimani. Jioni mbili mfululizo alirarua ukuta wa nyasi wa kibanda chetu, na mke wangu Leonia alikuwa na mimba ya miezi tisa, hawezi kukimbia hata hatua kumi. Bunduki ya kijiji ilikuwa na kila kitu isipokuwa risasi. Mlengaji nilikuwa mimi, lakini nina mikono mirefu. Watani husema najikuna magoti bila kuinama. Pinde za kuazima nilikwisha kuvunja tatu. Nisipozivuta hadi mwisho, mshale unakwenda kama umechoka. Na kuchonga upinde mpya, ufito tu hukaushwa miezi.

Aliyejua kipimo changu ni mmoja, fundi Raymundi. Nilisikia alikataa kupanda lori.

Mahame yalikuwa kimya. Nyumba hazina paa, majani yameota mekoni. Halafu nikasikia...

Kwaru... kwaru... kwaru...

Kisu kikichonga mti. Raymundi alikuwa amekaa kizingitini kwake, amenipa mgongo. Nilimwamkia shikamoo. Hakuitikia. Nilisikia harufu ya udongo mbichi, na mvua hatukuiona tangu Aprili.

"Nyoosha mkono, Dionis," alinong'ona.

Akanipima kwa ukambaa wa gome la mti, kutoka kifuani hadi ncha za vidole. Mkono wake ulikuwa baridi. Akafunga fundo, akaingia ndani, akatoka na upinde uliokwisha kukauka. Nikauvuta. Ulikuja wote, hadi shavuni, wala haukulalamika. Machozi yalinitoka kwa furaha.

Kwetu ukambaa uliompima mtu haulali kwa fundi. Unauomba, unaukata, unauchoma mwenyewe, kwa kuwa kaburi nalo hupimwa kwa ukambaa. Nilijua hayo tangu utotoni. Lakini simba alinguruma upande wa kijiji, nikamfikiria Leonia, nikakimbia.

Nilimkuta simba ameshaingiza kichwa kibandani. Nilivuta mpaka mwisho. Mshale mmoja ulitosha.

Kabla ya alfajiri Leonia alijifungua mtoto wa kike, tukamwita Sikuzani.

Siku ya tatu shemeji yangu Shaban alikuja kumwona mtoto. Nilimwonyesha upinde wa Raymundi kwa majivuno. Hakuugusa. Alisema Raymundi alipandishwa kwa nguvu lori la mwisho, akafia njiani, wakamzika kando ya barabara ya Sikonge. Miezi miwili ilikuwa imepita. Kaburi alilipima yeye mwenyewe, Shaban.

Nilirudi mahame mchana kweupe. Kizingitini hapakuwa na maranda hata chembe. Ukambaa sikuuona.

Niliukuta nyumbani, unaning'inia mlangoni.

Ulikuwa na mafundo mawili. Moja lilikuwa langu. La pili lilikuwa karibu zaidi na mwanzo wa ukambaa, nikalipima kutoka kifua cha Sikuzani hadi vidole vyake. Lilikaa sawasawa. Nilijuta kulipima.

Niliuchoma. Leonia alisimama kando yangu mpaka ukawa majivu.

Sasa Sikuzani ana miaka minne, na mikono yake inakaribia magoti. Upinde upo darini. Kuutumia naogopa, kuutupa naogopa zaidi. Jana jua likizama nilimkuta nyuma ya nyumba, amesimama peke yake, mkono ameunyoosha kuelekea porini.

Nilimuuliza anafanya nini.

"Babu ananipima," alisema. "Anasema upinde wangu umekaribia kukauka."