Flopi ya Makaburi

Jumanne, tarehe 5 Novemba 2024, saa tisa na dakika kumi alasiri, ofisi ya parokia moja karibu na Rulenge ilianza kunuka maziwa.

Deodata alisogeza kiti chake karibu na meza ya kompyuta. Alikuwa amemzika mumewe, Fideli, mwezi Septemba. Fideli alikuwa karani wa parokia, na ndiye aliyechapa orodha ya makaburi kwenye flopi, diski ya kompyuta za zamani. Mwaka 1998 alimzika mtoto wao mchanga, Deodata akiwa bado hospitalini, hajazinduka baada ya upasuaji. Msalaba wa mti ukaliwa na mchwa, na Fideli hakupenda kuulizwa. Sasa Deodata alitaka kulijua kaburi tu, apeleke mshumaa.

"Shikamoo, flopi," alitania Danstan, fundi wa kompyuta, akichomeka kidude cha kuisomea. "Mama, hii imenizidi umri." Akamwonyesha kitundu pembeni. "Kikiwa wazi hivi, kompyuta inasoma tu. Haiwezi kuandika chochote."

Kidude kikakoroma. Kisha kikaanza kunyonya, kikitulia, kikinyonya tena, kama mtoto mwenye njaa.

Orodha ikatokea. Mstari wa mwisho, wa arobaini na moja: *Mtoto wa Fideli. Hana jina. Chini ya mkaratusi.*

"Nimempata," alisema Deodata. Hakulia.

"Mama, tutoke," Danstan alinong'ona. Akachomoa waya, akaitoa flopi, lakini sauti ile ikaendelea, ikahama mezani ikaenda chini ya kiti cha Deodata, ikapanda taratibu magotini pake, na harufu ya maziwa ikachacha, na kitu chenye uzito wa mtoto mchanga, baridi kama udongo wa masika, kikajilaza kifuani pake na kutafuta ziwa.

"Ni jini, mama! Lisukume!"

"Si jini, baba. Hajapewa jina tu."

Jina alilokuwa amemwandalia hakuwahi kumwambia mtu, hata Fideli. Akalitamka polepole. Uzito ukaondoka.

"Soma tena," alisema. "Nihakikishe."

Danstan alichomeka waya tena, akairudisha flopi. Kitundu kilikuwa wazi vilevile. Mstari wa arobaini na moja sasa ulisomeka: *Jovitha, binti wa Fideli na Deodata.* Chini yake palikuwa na mstari ambao mwanzo haukuwapo.

*Pacha wake. Hana jina.*

Kidude kikaanza kunyonya.

Deodata akafanya ishara ya msalaba. Ee Bwana, mpokee Fideli, umsamehe alichonificha. Mpokee Jovitha. Na huyu ambaye sikuambiwa, mshike Wewe mpaka nimpatie jina. Wapumzike kwa amani. Amina.